Mwenzetu kwenye timu ya Gaelic kakutwa na kansa, tumsaidieje bila kumdhalilisha?

Beki_wa_Kona

Wakuu habari zenu. Mimi niko Ireland mwaka wa sita sasa, Meath huku vijijini, na huu msimu wa pili nacheza Gaelic football na klabu ya hapa kijijini. Kwa msioujua, ni ule mpira wa watu 15 kila upande, unadaka kwa mikono unapiga kwa mguu, magoli yana umbo la H, ukipitisha juu ya mtambaa panya unapata pointi, ukitia wavuni pointi tatu. Sisi ni timu ya madaraja ya chini, mafundi umeme, walimu, wafuga ng'ombe, hakuna anayelipwa hata senti, na sio sisi tu, hata wale wa timu za kaunti wanaojaza Croke Park, uwanja mkuu wa mchezo huu kule Dublin, watu elfu 82, hawana mshahara, Jumatatu wanarudi kazini kama kawaida.

Sasa kuna jamaa, beki mwenzangu, ana miaka 24. Huyu ndiye kanifundisha kila kitu, maana mwanzo hata kuokota mpira sikujua, huruhusiwi kuuzoa chini kwa mikono tu, lazima uunyanyue kwa ncha ya kiatu, basi alikuwa anabaki na mimi nusu saa nzima baada ya mazoezi, mvua inanyesha, taa za uwanja zinakaribia kuzimwa, na yeye anasema tu tena, tena. Tangu Januari akawa anachoka ovyo, anajikuna miguu, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa, sote tukajua ni mazoezi ya baridi. Siku moja anavua jezi nikaona kitu kimevimba juu ya mtulinga, kama yai dogo. Nikamwambia nenda kwa daktari kesho, usingoje. Majibu yametoka wiki iliyopita, Hodgkin lymphoma, kansa ya tezi za limfu. Kemo inaanza Alhamisi ijayo Dublin.

Grupu la wasap limewaka moto. Huyu anataka mchango wa mtandaoni wa GoFundMe leo leo, yule anataka mechi ya hisani, wengine wanataka kunyoa vipara. Mama yake kamwambia kocha hataki picha ya mwanawe isambazwe. Jamaa mwenyewe kimya. Mimi nimemwandikia meseji nikafuta mara nne, sijui hata nianzie wapi. Naombeni ushauri wenu.

NesiWaZamu

Pole sana kaka, na ubarikiwe kwa kumsukuma aende hospitali.

Nafanya kazi wodi ya kansa huku huku Ireland kwa hiyo nitakwambia ninayoyaona. Hodgkin ni katika kansa zinazotibika vizuri zaidi, hasa kwa vijana, wengi wanapona kabisa. Ila usiende kumwambia "utapona tu usijali", hiyo mwachie daktari wake, maana yeye ndiye kaona vipimo.

Kemo ya ugonjwa huu mara nyingi ni kila baada ya wiki mbili, na inakwenda kwa miezi. Wiki ya kwanza nyumba itajaa watu na keki. Mwezi wa tatu wa kemo, hapo nywele zimenyonyoka, mdomo una vidonda, chakula kina ladha ya chuma, ndipo simu inapoacha kuita. Kama mna nguvu ya kugawa, wekeni nyingi huko.

Mambo ambayo timu nzima iyajue: mwenye mafua asimsogelee, hata kumpa mkono tu, kinga yake itakuwa chini sana. Joto likifika 38 anapiga simu kwenye namba aliyopewa hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe saa tisa usiku, hangoji asubuhi na hamezi panadol kwanza kuishusha. Na kucheza asijaribu bila ruhusa, akiwekewa ule mrija wa mkononi hatakiwi kugongwa, halafu dawa moja inayotumika sana kwenye matibabu haya, bleomycin, inaweza kugusa mapafu, kwa hiyo akikohoa au pumzi ikikata aseme mapema.

Lingine watu wanaona aibu kulitaja. Kabla ya Alhamisi aulize kuhusu kuhifadhi mbegu, maana kemo inaweza kuathiri uzazi. Akitaka awapigie hospitali leo, wala asione haya, sisi tunaongea hayo kila siku.

Kuhusu hela, ada ya kulazwa hospitali za umma ilifutwa Aprili 2023, na dawa kwa mwezi familia hailipi zaidi ya €80. Kinachowamaliza watu ni mshahara kukatika, mafuta ya gari na parking. Kama kaajiriwa na ana michango ya PRSI, bima ya jamii ya huku, isiyopungua ya wiki 104, aombe Illness Benefit, ile posho ya wagonjwa. Ila kama ni fundi wa kujitegemea hiyo hapati, na hapa ndipo vijana wengi wa ujenzi wanapokwama, basi amuone medical social worker, afisa ustawi wa jamii wa hospitali, siku ya kwanza kabisa, asingoje akaunti ikauke. Irish Cancer Society wana madereva wa kujitolea wanaopeleka wagonjwa kemo, namba yao ni 1800 200 700, ni ya bure.

MzeeWaCork

Dada kamaliza yote ya hospitali. Mimi niongeze kwenye michango maana nimekaa kamati ya klabu miaka mingi.

Kijana usiwakatishe tamaa wenzio, watu wa huku wanachangia kwa moyo. Mimi nilikuwepo Cork 2018 wakati wa mechi ya kumuenzi Liam Miller, yule aliyechezea Celtic na Manchester United, alifariki Februari mwaka huo kwa kansa ya kongosho akiwa na miaka 36 tu. Mwanzoni GAA, chama kinachosimamia Gaelic, walikataa mechi isichezwe kwenye uwanja wao wa Páirc Uí Chaoimh kwa sababu sheria zao zilikuwa hazitaki soka kwenye viwanja vyao, watu wakapiga kelele nchi nzima mpaka wakaruhusu, na Septemba wakaja watu zaidi ya elfu 40. Nimekaa pale nikatazama zile jukwaa zilivyojaa, nikasema hawa watu wanapendana.

Ila fuateni utaratibu. Mechi ya hisani pelekeni kwa katibu wa klabu aombe kibali cha kaunti kwanza, bila kibali mtu akivunjika mguu bima inaleta shida. Na usidhani ule mfuko wa majeruhi wa GAA utamsaidia, ule ni wa aliyeumia uwanjani au mazoezini, ugonjwa haumo. Hela zipitie mikononi mwa watu wawili angalau, mhasibu na mtu mmoja wa familia, na zisikae kwenye akaunti ya mchezaji hata siku moja.

Nashauri msichelewe, chuma kipigwe kikiwa moto.

Kipa_Mstaafu

Mzee wangu shikamoo, kwenye kuharakisha naomba nipingane na wewe kidogo.

Mimi nilipata kansa ya korodani nikiwa na miaka 27, nachezea klabu moja huko magharibi. Wenzangu walinipenda kweli, na walikimbilia michango kabla ya kuniuliza. Siku hiyo nimetoka kemo ya pili, nimeingia dukani kununua maziwa, nikaikuta sura yangu imebandikwa kwenye ndoo ya chenji hapo kaunta na chini wameandika ugonjwa wenyewe ni upi. Mama mkwe wangu alikuwa bado hajaambiwa. Niliyaacha maziwa nikatoka. Hela ile ilinilipia kodi miezi minne, nashukuru mpaka leo, lakini duka lile sikuingia tena mwaka mzima. Kwa hiyo muulizeni yeye kwanza, siku mbili tatu hazitaharibu kitu.

Kilichonibeba mimi ni kidogo tu. Kocha hakunitoa kwenye grupu, kila Jumanne na Ijumaa meseji ya mazoezi iliingia kama kawaida, saa moja na nusu usiku, leteni viatu vya matope. Nilikuwa kitandani naisoma najiona bado mchezaji.

Na hiyo meseji uliyofuta, usimuulize "unahitaji nini", mgonjwa hajui anahitaji nini. Mwandikie: Alhamisi nakuja na gari saa moja asubuhi, huna haja ya kujibu.

Beki_wa_Kona

Wakuu nimerudi. Nimeituma ile meseji neno kwa neno, kakaa saa mbili akajibu "sawa".

Jana nimeenda kwao, tumekaa jikoni na mama yake. Picha hataki, ugonjwa usitajwe kwa jina, mchango kakubali ila upitie kwa mhasibu wa klabu na dada yake. Kazi yenyewe ni ya kujitegemea kama nesi alivyohofia, kwa hiyo Alhamisi hiyo hiyo tunapitia kwa social worker. Suala la mbegu nililisema huku naangalia sakafu, kumbe alikuwa analifikiria na hajui amuulize nani, kapiga simu palepale. Watu kumi na mmoja wameshajiandikisha kuendesha zamu za Dublin mpaka Agosti, na kocha kasema jina lake linabaki kwenye orodha ya kikosi.

Wakati naondoka kanisindikiza hadi kwenye gari, kavaa koti juu ya koti, akaniuliza kama nimeshajua kuokota mpira kwa mguu wa kushoto. Nikamwambia bado. Akasema Alhamisi nije na mpira kwenye buti, hospitali kuna uwanja mdogo wa nyasi karibu na parking, yeye atakaa ndani ya gari aangalie.