Mrejesho: Steam ya kwenye simu imekubali

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama programu ya kwenye simu ya Steam (lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta) inaweza kuanzisha upakuaji wa gemu kwenye kompyuta nikiwa mbali, na kama kuingia kwenye akaunti kwa kuskani QR ni salama.

Upakuaji umekubali. Unafungua maktaba kwenye simu, unachagua gemu na kompyuta ya kuisakinisha, basi. Sharti ni kompyuta iwe imewashwa, ina intaneti, na Steam iwe wazi kwa akaunti ileile. Ikisinzia tu, kazi inasimama. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nimeizuia isilale; skrini naiacha ijizime yenyewe, haina neno.

Kuskani nako raha: unaelekeza kamera kwenye QR, simu inakuletea ombi, unakubali, hakuna kuandika nywila. Ila soma kwanza ndipo ubonyeze. QR uliyotumiwa na mtu achana nayo kabisa, hata akijifanya rafiki, maana ukikubali unamwingiza yeye kwenye akaunti yako.

Yule aliyeuliza mambo ya kuishiwa bando: zile herufi na tarakimu 5 za Steam Guard (ulinzi wa akaunti ya Steam, unaziandika wakati wa kuingia) hubadilika kila sekunde 30 na zinatoka hata simu ikiwa haina intaneti. Halafu ule msimbo wa dharura wa Steam Guard unaoanza na R, wa kukuokoa simu ikipotea, uandikeni kwenye karatasi. Kuuhifadhi kwenye simu hiyohiyo ni kazi bure, simu ikipotea inaondoka nao.

Ahsanteni mlionielekeza.