Msimamizi anataka nipime maarifa ya wauguzi, mimi nataka kuhesabu kazi zinazoachwa usiku

ZamuYaUsiku

Habari za saa hizi wauguzi wenzangu. Naomba mnisikilize, jambo hili limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa.

Nina miaka 11 kazini, sita kati ya hiyo nimekuwa wodi ya watoto wachanga katika hospitali ya mkoa. Mwaka jana nilianza shahada ya uzamili na sasa natakiwa kuandika pendekezo la utafiti. Nilimpelekea msimamizi wazo langu. Akasoma ukurasa mmoja, akaniambia: "Badilisha. Pima maarifa, mtazamo na utendaji wa wauguzi kuhusu huduma ya kangaruu, yaani mtoto njiti kuwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Dodoso lipo, unachapa, unakusanya wiki mbili, unamaliza kwa wakati."

Sikumkatalia. Lakini tasnifu za namna hiyo zimejaa rafu nzima maktabani kwetu, nimezifungua moja moja. Wodi tofauti, ugonjwa tofauti, mwisho ni uleule: wauguzi wana maarifa ya wastani, wapewe mafunzo. Mimi mwenyewe nimeshajaza madodoso hayo nikiwa kazini. Moja liliuliza mtoto njiti apimwe joto kila baada ya saa ngapi. Nilijibu sawasawa. Na usiku uleule sikumpima joto hata mtoto mmoja mpaka alfajiri.

Niwaeleze usiku wenyewe. Muuguzi ni mimi, na mhudumu wa afya mmoja. Watoto wanaolishwa kwa mrija ni 18, kila baada ya saa tatu. Ukitaka kumtendea haki mtoto mmoja ni dakika 10: unanawa, unahakikisha mrija uko mahali pake, unatoa kile kijiti cha kusukumia kwenye bomba la sindano, unamimina maziwa, unaliinua bomba kidogo na kusubiri yashuke yenyewe. Ukisukuma kwa haraka atatapika, au maziwa yataingia njia ya hewa. Sasa pigeni hesabu: dakika 10 mara 18 ni saa tatu kamili. Ukimaliza wa mwisho, wa kwanza zamu yake imeshafika. Hapo hujagusa dripu, hujabadilisha nepi, hujampokea mtoto anayeletwa kutoka leba.

Kwa hiyo kuna kazi zinaachwa, kila usiku. Nataka kujua ni zipi, saa ngapi, kwa watoto gani. Msimamizi anasema hayo ni malalamiko ya kazini, siyo utafiti. Je, ni kweli? Na wauguzi wa nchi nyingine wanatafiti nini siku hizi?

Mkunga Mstaafu

Mwanangu, nimefundisha uuguzi muda mrefu, na mimi pia nimewasimamia wanafunzi kwa madodoso hayohayo. Nakujibu kwa moyo mmoja: hilo ni swali la utafiti, tena ni la uuguzi hasa.

Wenzetu nao walianzia tulipo sisi. Jarida la utafiti wa uuguzi lilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1952, na kwa miaka mingi wauguzi walikuwa wakijitafiti wenyewe: mwanafunzi anafaulu vipi, muuguzi bora ana sifa gani. Kilichobadilisha mambo ni watu waliomgeukia mgonjwa kitandani. Doreen Norton wa Uingereza aliangalia vidonda vya kulalia kwa wazee waliolazwa. Enzi zile kila wodi ilikuwa na dawa yake ya kusugua mgongo. Yeye na wenzake, katika kazi waliyoitoa 1962, wakaonyesha kwamba kinachosaidia ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara. Kwenye kazi hiyo ndimo kilimotoka kipimo cha Norton, cha kukadiria hatari ya mgonjwa kupata vidonda hivyo, ambacho mmefundishwa wote.

Na hicho unachokiuliza kina njia yake tayari. Mwaka 2006 Beatrice Kalisch wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliandika kuhusu huduma za uuguzi zinazoachwa: kumgeuza mgonjwa, kumlisha kwa wakati, kumfundisha, kuandika maji yaliyoingia na yaliyotoka mwilini mwake. Aliwauliza wauguzi kazi gani zinaachwa na kwa nini, wakamwambia. Kabla yake, 2002, Linda Aiken na wenzake walipima hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, hukohuko Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezeka kwa muuguzi mmoja aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Baada ya hapo ikawa vigumu kusema idadi ya wagonjwa kwa muuguzi ni malalamiko tu.

Msimamizi wako anachokiogopa ni muda, na hofu hiyo siidharau. Nimeona wanafunzi wazuri wakikwama miaka mitatu. Punguza swali: wodi moja, kazi tano, zamu za usiku tu.

Nesi wa Ziwani

Dada, pole na kazi. Niko Kenya, wadi ya watoto wachanga vilevile. Nairobi kuna utafiti uliofanywa katika hospitali kadhaa kuhusu jambo hilihili. Watafiti walikaa wadini wakitazama kazi gani imefanyika na ipi imeachwa. Waliona pia kwamba kazi nyingi zimehamia kwa akina mama, wanafunzi na wahudumu, bila kuandikwa popote.

Hapo ndipo ningekuomba uwe makini. Kwetu anayeshika bomba la maziwa saa nane usiku ni mama, pengine siku ya pili tu baada ya upasuaji, ameketi pembeni ya kitanda akijikaza. Ukiandika tu "amelishwa" utakuwa umeificha kazi ya mama huyo. Weka safu ya nani amefanya.

Faili_Kwanza

Kwa nini ujisumbue kukesha? Chukua mafaili ya miezi sita, angalia karatasi za joto na za kulisha, hesabu nafasi zilizo wazi. Ni rahisi zaidi, na kamati ya maadili haitakusumbua sana.

Muuguzi Kiongozi

Nimeongoza wodi miaka tisa, niseme kwa upande wangu. Ukija kwangu na utafiti huu bila maelezo, nitakuwa wa kwanza kukukatalia. Kwetu karatasi ya joto isipojazwa, muuguzi anaitwa na kuandika barua ya kujieleza. Hakuna anayeuliza alikuwa na watoto wangapi. Sasa wewe unataka kukaa usiku kucha ukiandika ambacho wenzako hawakufanya. Karatasi hiyo itaishia kwa nani?

Kwa hiyo usiandike jina wala cheo. Andika idadi ya watoto, idadi ya wauguzi, na saa. Na barua ya mganga mfawidhi iseme wazi kwamba takwimu hizo hazitatumika kumwadhibu mtu.

La pili, usiku wa kwanza na wa pili kaa tu, usihesabu kitu. Muuguzi akijua anatazamwa atajikaza kupita kawaida, na wewe utapata takwimu nzuri zisizo za kweli. Wakishakuzoea, anza.

La tatu ndilo zito. Ukiona mtoto amebadilika rangi, weka kalamu chini umhudumie. Liandike hilo kwenye pendekezo tangu mwanzo, na ueleze usiku huo utauhesabu vipi.

ZamuYaUsiku

Shikamoo mama Mkunga Mstaafu. Nashukuru sana, na nyote nawashukuru.

Faili_Kwanza, wazo lako nililianza mimi pia. Nilifungua mafaili kumi. Karatasi za joto zimejaa: 36.5, 36.6, 36.5, mwandiko mmoja, wino mmoja, saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nimewahi kujaza hivyo mimi mwenyewe, kwa mpigo, kabla ya kukabidhi zamu, kwa sababu nafasi iliyo wazi inakuletea barua. Ukihesabu kwenye mafaili yetu utapata kwamba usiku hakuna kinachoachwa. Inanibidi nikae pale pale.

Dada wa Ziwani, safu ya nani amefanya nimeiweka. Imenifikirisha na kuhusu kangaruu. Mnaukumbuka ule utafiti mkubwa wa 2021 uliohusisha hospitali tano, ya Muhimbili ikiwa mojawapo? Watoto wa uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0, na wale wa utaratibu wa kawaida, wa kusubiri hali ya mtoto itulie kwanza, asilimia 15.7. Tunazo namba hizo, tunazirudia kwenye mafunzo. Lakini wodini kwangu hakuna anayeandika mtoto amewekwa kifuani saa ngapi na ametolewa saa ngapi. Mama akienda kuoga au kula, mtoto anarudi kitandani, na pengine anabaki huko mpaka asubuhi. Hilo nalifanya kazi ya tano kwenye orodha yangu. Nadhani msimamizi ataridhika pia, maana kangaruu aliitaka yeye.

Nne nyingine ni kupima joto, kulisha kwa wakati, kuangalia dripu na kubadilisha nepi. Zamu 20 za usiku, wodi moja, na siyo wodi yangu, maana kwangu siwezi kuwa mtazamaji.

Muuguzi Kiongozi, sentensi yako kuhusu kuweka kalamu chini nimeinakili kama ilivyo, kama utaniruhusu. Naingia zamu saa mbili usiku huu, nitasoma majibu asubuhi.

Muuguzi Kiongozi

Nimekuruhusu. Ukipata kibali, nitumie fomu yako ya kuhesabia niione kabla hujaanza, nijue kama mtu anaweza kuijaza akiwa amesimama.