Laptop ya RAM 8 bila kadi ya grafiki, nianzie wapi kuchora nyumba za 3D?

mchoraji_jinja
Wakuu habari za humu. Mimi nachora ramani za nyumba kwa mkono, kazi nilifundishwa na mjomba wangu hapa Jinja, sasa wateja wa siku hizi ukiwapa karatasi wanakuuliza picha iko wapi, wanataka waone bati, rangi, mpaka gari limepaki mlangoni. Nimejikakamua nimenunua laptop ya mtumba, i5, RAM 8, haina kadi ya grafiki. Duka moja mjini wakaniwekea Lumion, programu ya kutoa picha za nyumba, kutoka kwenye flashi, haifunguki, na tangu siku hiyo mashine inajizima yenyewe. Video nimeangalia mpaka bando zimeisha, huyu anasifia programu ya SketchUp yule Revit mwingine Blender. Nisaidieni jamani, hii ndiyo kazi inayonilisha.

MzeeWaNtinda
Pole mdogo wangu. Hiyo Lumion ifute na Windows upige upya, ya flashi huwezi jua imekuja na nini. Hata ungeinunua kihalali inataka kadi kubwa ya grafiki, na wenzake Twinmotion na D5 vilevile. Anza na SketchUp ya bure ya kwenye brauza, huinstoli kitu, ila lazima uwe na mtandao. Mambo ya kurenda, yaani kugeuza mchoro uwe picha kama ya kamera, weka pembeni kwanza. Chukua tepu ukapime nyumba mnayokaa, ukuta kwa ukuta, halafu uijenge hiyohiyo, maana nyumba unayoijua ukikosea jicho linakwambia, ghorofa la kwenye video utajuaje kama mlango umekuwa mfupi?

Na kuta ukizimaliza zifunge ziwe grupu, yaani kitu kimoja, kabla hujagusa kingine. Mimi sikujua, nikisogeza meza iliyogusa ukuta na ukuta unavutika, kazi ya wiki nzima iliharibika hivyo. Madirisha yafanye komponenti, yaani nakala zilizounganishwa, ukirekebisha moja yote yanarekebika.

aisha_mbale
Naongezea kwa mzee. SketchUp ukiifungua inajua uko Boulder, Colorado, kwa hiyo jua la saa sita linatokea kusini mwaka mzima. Huku kwetu ni ikweta, Juni liko kaskazini, Desemba kusini, Machi na Septemba karibu utosini. Nilimwonyesha mteja varanda ya kaskazini yenye kivuli kizuri, akajenga, Juni akanipigia simu jua limemfuata mpaka kwenye kiti. Iliniuma sana. Weka lokesheni ya Jinja kabla hujawasha vivuli, tafadhali kaka.

mchoraji_jinja
Asanteni sana. Na picha zenyewe je?

aisha_mbale
Blender, ni bure kabisa, na Cycles, injini yake ya kurenda, inarenda kwa prosesa tu bila kadi, ila picha moja inaweza kukesha, kwa hiyo jaribu ndogo kwanza na chaji betri, umeme unaujua. SketchUp ya bure kwenda huko inatoa STL, faili la umbo peke yake, rangi zinapotea, utapaka upya. Tofali zipige picha mwenyewe kwa simu siku ya mawingu, zinatoka bila vivuli, na mteja anaona tofali za kwao.

mchoraji_jinja
Nimepima sebule leo jioni. Dirisha la mama liko sentimita 90 kutoka sakafuni, na mimi miaka yote nachora 120 kwa mazoea tu. Mzee, grupu nikishaifunga nikitaka kurekebisha ndani naingiaje?

MzeeWaNtinda
Ibonyeze mara mbili. Ukimaliza bonyeza nje yake, inajifunga.