Pogo, Li'l Abner, Annie au Dilbert: ipi bado inasomeka?

Karani wa Zamani (mleta mada)
Wakuu, naombeni ushauri. Nataka kununua mkusanyo wa katuni za magazeti ya Marekani, zile za fremu tatu nne kila siku na ukurasa wa rangi Jumapili. Mfuko unaruhusu mmoja tu. Nimebaki na nne: Li'l Abner ya Al Capp, Pogo ya Walt Kelly, Little Orphan Annie ya Harold Gray na Dilbert ya Scott Adams.

Utotoni nilikuwa na kitabu cha Li'l Abner kisicho na jalada, nikakisoma mpaka nikakikariri. Nilimpenda Shmoo, kale kadude keupe kanakotaga mayai, kanakotoa maziwa, na ukikatazama kwa njaa kanakufa kwa furaha ili ukale. Juzi nikapata za miaka ya mwisho ya katuni hiyohiyo. Nilihisi nimekutana na rafiki wa zamani aliyegeuka mgomvi. Je, mchoraji akihama kisiasa, mkono wake nao unahama?

Fundi Wino
Mkuu, Li'l Abner usinunue yote. Ilianza 1934 ikaisha 1977. Wewe chukua za mwanzo hadi miaka ya 1950, ukome hapo.

Capp wa enzi zile hakuwa na simile na wakubwa. Mwaka 1947 gazeti moja la Pittsburgh liliiondoa katuni yake kwa jinsi alivyowachora maseneta. Shmoo wako alitokea 1948, na sijui kama unakumbuka mwisho wake: watu wanashiba bila kuajiriwa, matajiri wanaona biashara inakufa, Shmoo wanaangamizwa. Kushoto walinung'unika, kulia wakanung'unika. Hiyo ndiyo kejeli.

Sasa fungua za 1967. Kuna kundi la wanafunzi linaloitwa S.W.I.N.E., yaani nguruwe, kazi yao kupinga kila kitu. Kuna mwimbaji Joanie Phoanie, anayewaimbia maskini huku yeye anajaza mfuko. Kila msomaji alijua ni Joan Baez, mwimbaji wa kupinga vita. Baez akadai aombwe radhi, Capp akagoma.

Mimi simlaumu kwa kuhamia mrengo wa kulia, hiyo ni haki yake. Ila alipomcheka tajiri kama Jenerali Bullmoose, alimpa haiba na maneno matamu, ukatamani arudi kesho. Wale wanafunzi hawana hata mmoja utakayemkumbuka. Ni nywele na uchafu tu. Capp aliwachukia kabla hajawachora.

Jicho la Kengeza
Fundi, unaonea. Capp alikuwa anacheka wenye nguvu. Miaka ya 1930 wenye nguvu walikuwa wenye mabenki, miaka ya 1960 akaona vijana wa vyuo ndio wanaosikilizwa. Yeye kasimama palepale.

Fundi Wino
Mwanafunzi anayesubiri kupelekwa Vietnam ana nguvu gani, kaka?

Bi Kurasa
Pogo, bila kujiuliza mara mbili.

Karani, ngoja nikuonyeshe tukio moja tu. Mwaka 1953, Seneta Joseph McCarthy, yule msaka wakomunisti, akiwa bado anatisha watu, Kelly aliingiza kwenye kinamasi cha Okefenokee, wanakoishi wanyama wa Pogo, paka-mwitu aitwaye Simple J. Malarkey. Ndevu za siku mbili, nyusi nzito, yaani McCarthy mwenyewe. Gazeti moja la Providence, Rhode Island, likaonya kwamba sura ile ikitokea tena wanaikata katuni. Basi Kelly akamleta kinamasini kuku jike anayetoka Providence. Malarkey kusikia tu hivyo, anavuta mfuko anajifunika kichwa, asionekane na mtu wa Providence! Kaambiwa afiche sura, kaificha. Ukiuangalia vizuri mfuko ule, unawakumbuka Wamarekani wengine waliozoea kujifunika vichwa usiku, wale wabaguzi wa Ku Klux Klan.

Hakuna hotuba pale, ni kuku na mfuko. Siasa imeingia kama mzaha, na hadithi inaendelea. Tena hakuwa wa upande mmoja. Mwaka 1962 alimchora Khrushchev, kiongozi wa Sovieti, kama nguruwe na Castro kama mbuzi, na kuna magazeti yalikasirika vilevile.

Jicho la Kengeza
Mwambie na habari ya sungura, dada. Shujaa wako alikuwa akiwachorea wahariri waoga katuni mbadala za sungura wasio na madhara, ili siku za siasa kali wachapishe hizo. Huo ni ujasiri wa aina gani?

Bi Kurasa
Ni ujasiri wa mtu anayetaka kula kesho. Halafu aliwaambia wasomaji wazi kwamba ukiona sungura gazetini kwako, ujue mhariri wako hakuamini kwamba unaweza kufikiri.

Mpita Njia
Mbona mnateseka, si zipo mtandaoni?

Mwana wa Kurani­wino
Annie haijatetewa na mtu, niitetee mimi. Gray alianza 1924 na msimamo wake haukusogea hata inchi. Alichukia New Deal, mpango wa Rais Roosevelt wa kufufua uchumi, toka siku ya kwanza. Mwaka 1944 alimuua Warbucks, tajiri wake mpendwa, kana kwamba nchi haina tena nafasi ya mtu kama yeye. Roosevelt akafariki Aprili 1945, na mwaka huohuo Warbucks akafufuka! Utakuwa na siasa yoyote, hapo lazima ucheke, hata kama ni cha kuguna.

Onyo: vibofu vya maneno vimejaa mahubiri, unasoma mpaka unasahau kuangalia picha. Lakini picha zenyewe, weusi ule wa wino, vichochoro, na yule mtoto mwenye macho yasiyo na mboni... Ukimtazama usiku anakutazama pia. Hapa mchoraji hakubadilika, ila dunia ilimpita.

Kijana wa Ofisini
Dilbert niacheni nayo, ina mwenyewe.

Ilianza 1989, Adams akiwa bado kaajiriwa katika kampuni ya simu. Mwaka 1993 akaanza kuweka anwani yake ya barua pepe ndani ya katuni, wasomaji wakammwagia vituko vya maofisini kwao. Ndiyo maana yule bosi mwenye nywele za pembe ni bosi wa kila mtu.

Nilikuwa nimebandika fremu moja juu ya meza yangu ya kazi. Februari 2023 akasema kwenye kipindi chake cha mtandaoni kwamba Wamarekani weusi ni kundi la chuki na weupe wakae mbali nao. Mamia ya magazeti yakamwondoa, na msambazaji wake akamwacha. Kile kikaratasi hakikubadilika hata nukta, kichekesho kilikuwa kilekile cha miaka ya 1990. Ila kila nikiinua macho namwona mchoraji ananiangalia rangi yangu. Nikakibandua. Kitabu sijakitupa, kipo kabatini, mgongo umegeukia ukuta.

Fundi Wino
Nakuelewa. Capp aliharibu katuni kutokea ndani. Huyu aliiharibu akiwa nje, na inauma zaidi, maana huna pa kukata.

Bi Kurasa
Nje ya orodha: Doonesbury ya Garry Trudeau, toka 1970. Humo wahusika ndio wanaozeeka na kubadilika. Mike aliyekuwa kijana wa chuo aligeuka mfuasi wa chama cha Republican kwa kipindi. Mhusika mwingine, B.D., hakuwahi kuvua kofia yake ngumu mpaka 2004, alipopoteza mguu Iraq.

Karani wa Zamani
Asanteni sana wakuu. Nimeagiza Pogo. Bi Kurasa, huyo kuku wa Providence nimtafute juzuu gani?

Bi Kurasa
Yenye 1953 na 1954. Usiruke kurasa kumfikia, anza na Malarkey anavyoingia akiwa na bunduki.

Karani wa Zamani
Sawa, dada. Na kile cha Shmoo nakitafutia jalada.