Waandaaji wa mbio za mafumbo Posta, mmetukata pointi kwa jibu SAHIHI na meseji hamjibu

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira na naandika nazo hivyo hivyo, maana nimeongea nao kistaarabu inboksi, wanasoma wanakaa kimya.

Jumapili iliyopita mimi na shosti wangu tulishiriki zile mbio za kusaka mafumbo hapa mjini Dar, timu watu wawili, fumbo linakuja kwenye simu, mnakimbia kutafuta sehemu, mnapiga picha au mnajibu swali ndo linafunguka linalofuata. Ilikuwa mara yetu ya kwanza. Elfu 40 kwa timu, tulilipa mapema kabisa, na sheria walizotuma zilikuwa wazi: miguu, daladala au mwendokasi, hakuna boda hakuna bajaji, ukikamatwa unatolewa. Tukasema poa, mji wetu tunaujua, twende.

Sasa sikilizeni. Fumbo moja la mwanzo linasema nenda kanisa la Wajerumani linalotazama bahari. Lipi?? Azania Front walijenga Wajerumani na linatazama bahari, St. Joseph walijenga Wajerumani na linatazama bahari, yote mawili ya miaka ile ile karne ya 19 inaisha inaingia ya 20, na kutoka moja hadi jingine ni dakika chache tu kwa mguu. Moja la Walutheri, jingine la Wakatoliki, mngeongeza neno moja tu fumbo lingekaa sawa. Na ni Jumapili asubuhi! Watu wako ibadani, timu zinakuja mbio na tisheti za njano zinabishana mlangoni ni hapa siyo hapa, mzee wa kanisa akatoka akasimama pale kwenye ngazi anatuangalia tu hasemi kitu. Hivi mlipopanga siku na saa hakuna hata mmoja wenu aliyekumbuka Jumapili watu wanasali?

Soko la samaki la Feri ndo kabisa. Kazi ya pale ilikuwa mmoja wa timu apigwe picha kashika samaki mkubwa kuliko mkono wake. Wenyewe wa Feri mnajua asubuhi pale pakoje, watu wako kwenye mnada, maji ya barafu yanatiririka chini, mtu kabeba tenga kichwani anapiga kelele apishwe, halafu timu kibao zinakuja moja baada ya nyingine kuomba kushika samaki wa mtu bila kununua. Baba mmoja alikuwa na changu wazuri kweli kwenye meza, shosti akamsalimia vizuri akamwelezea, yule baba akajibu "Dada zangu, tangu asubuhi wananishikia samaki tu hakuna anayenunua, wakilegea hawa nitamuuzia nani?" Ana haki kabisa. Tukanunua mmoja ndo tukapiga picha, hela yetu wenyewe, na huyo samaki tukatembea naye kwenye mfuko na jua lile. Waandaaji mlishindwa nini kuongea na watu wa soko mapema, mkawalipa hata kidogo? Mnaingia kwenye riziki za watu kutengeneza picha za kuweka kwenye kurasa zenu.

Halafu hapo hapo wanataka tuwaletee tiketi ya karatasi ya kivuko cha Kigamboni. Siku hizi watu wanagusisha kadi getini! Hilo swali linaonyesha wazi kwamba aliyeliandika alikaa ofisini akakumbuka mambo ya zamani, njia yenyewe hajaipita.

Haya yote tungeyameza. Kilichoniuma mimi ni sanamu la askari, pale Samora, lile wazee wanaita Bismini. Swali: sanamu hili limewekwa mwaka gani? Shosti ni mwalimu wa historia sekondari, hakufikiria hata mara mbili, akaandika 1927. Apu ikaleta alama nyekundu, pointi zimekatwa, penati ya dakika 10, na jibu sahihi eti 1916.

1916 ndo mwaka Waingereza walioingia Dar wakang'oa sanamu la Wissmann, yule gavana wa Kijerumani aliyekuwa kasimamishwa hapo kabla. Huyo Wissmann alipelekwa mpaka Hamburg, na wanafunzi wa kule wakaja kumwangusha miaka ya 1960. Huyu askari wa sasa wa shaba, mwenye bunduki na singe imeelekea bandarini, aliwekwa 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi waliokufa vita kuu ya kwanza. Sasa mwaka 1916 askari wa kukumbukwa angewekwaje wakati vita yenyewe haijaisha? Pale kwenye kibao chake pameandikwa vita ya 1914 mpaka 1918! Mngesogea mkasoma tu! Watu wale walibebeshwa mizigo wakafia porini kwa njaa na magonjwa na wengi hata makaburi yao hayajulikani, kumbukumbu yao ipo katikati ya mji, halafu nyie mnachukua hela za watu na kuwafundisha uongo juu yake. Kulikuwa na vijana wengi wa chuo kwenye zile mbio, wameondoka na 1916 kichwani.

Shosti akamfuata msimamizi wa kituo akamweleza kwa upole kabisa, kijana anajibu "dada mimi nafuata apu, malizeni kwanza mtaongea na ofisi". Tukaenda Mnazi Mmoja, tukaenda Mnara wa Saa, na pale Mnara wa Saa kwa macho yangu nikaona timu inashuka kwenye boda mbili, helmeti bado kichwani. Nikapiga picha, na namba za pikipiki zinasomeka. Nikaonyesha, nikaambiwa tena malizeni kwanza. Tumemaliza wa nne. Zawadi ni mpaka wa tatu. Tofauti yetu na wa tatu ni ndogo kuliko hizo dakika 10 za penati, na hao wa tatu ndo hao hao wa boda!

Na mchezo wenyewe ni mzuri jamani, ndo maana nina uchungu. Makumbusho ya Taifa tulisimama mbele ya fuvu la kale la Olduvai, lile alilolipata Mary Leakey 1959, shosti anafundisha hiyo mada kila mwaka na siku hiyo machozi yalimlenga. Kitu cha kufanya watu waujue mji wao hivyo kinataka watu makini.

Tunachotaka: penati ya swali la sanamu ifutwe kwa timu zote zilizojibu 1927, matokeo yapangwe upya, timu ya boda iondolewe kama sheria yenu inavyosema, na mtoe masahihisho kwenye grupu lile lile la washiriki mlilolifunga tusiandike. Hela ya samaki bakini nayo.

Kama kuna mwingine humu alishiriki akakatwa kwenye hilo swali, weka skrinishoti yako hapa chini, zangu naziweka kwenye komenti ya kwanza pamoja na picha ya boda.