Mnara upo, 4G inashika, ila wanafunzi wangu hawaupati mtandao. Tufanyeje?

Mwalimu wa Bara
Habari za jioni wakuu. Nafundisha sekondari ya kata huku ndani Tabora, mtandao unashika vizuri tu, shida nyumba nyingi zina kitochi kimoja na baba anatembea nacho. Sasa vitabu vya bure viko mtandaoni, maombi ya chuo mtandaoni, mkopo mtandaoni, mtoto akimaliza form six anapanda bodaboda mpaka mjini akamlipe mtu wa steshenari amjazie, yule akikosea jina ndo imekula kwa mtoto. Inaniuma kwa kweli maana hawa watoto wana akili. Shule ina kompyuta chache za msaada na sola, ila bando la kuzitosha zote hatuliwezi. Nani amewahi kupita hapa?

fundi_kompyuta
Mwalimu bando liweke pembeni kwanza. Chukua kompyuta moja yenye nafasi, weka programu ya Kolibri (ina masomo na mazoezi ya hesabu na sayansi, menyu yake unaweza kuiweka Kiswahili) na Kiwix inayobeba Wikipedia nzima bila intaneti. Unashusha mara moja ukiwa kwenye waifai mjini, unakuja nayo kwenye hadi diski, halafu unawasha ruta hata haina laini ndani, kompyuta zingine zote zinasoma kutoka kwenye ile moja.

Mdau 09
Na hili si la Tabora tu. Takwimu za GSMA (umoja wa kampuni za simu duniani) za 2023 kwa Afrika kusini mwa Sahara, wasiofikiwa kabisa na mtandao wa simu wa intaneti ni kama 13%, wanaoishi penye mtandao na hawautumii ni kama 60%! Tangu mkongo wa SEACOM (kebo ya intaneti ya chini ya bahari) ufike Dar 2009 sisi hadithi ni mikongo na minara, simu janja yenyewe mkulima anainunuaje hakuna anayeuliza.

Mama Zai
Mwalimu panga zamu ya wasichana peke yao, la sivyo wavulana watawahi viti na wale watabaki kuchungulia nyuma, hata nyumbani simu anapewa kaka kwanza. Na maombi ya chuo waite waliomaliza waje siku moja, bando moja la shule, kila mtu akague jina lake mwenyewe kwenye skrini kabla ya kutuma.

Mwalimu wa Bara
Asanteni sana, hiyo ya ruta bila laini sikuwa naijua kabisa. Zamu ya wasichana naipeleka kwa mkuu wa shule kesho. Kama kuna mtu Tabora mjini ana Kiwix tayari naomba aniambie, nakuja na hadi diski yangu.