Mchanga wa tangi la samaki umekuwa mweusi: konokono wa kujifukia watasaidia?

Mdau_Njiro: Wakuu, habarini. Tangi langu ni lita 110 (sm 80 × 35 × 40), samaki wadogo aina ya gapi 20, mchanga wa korongoni sm 8. Ukitazama kioo kwa chini kuna mabaka meusi, na ukichomeka kijiti yanatoka mapovu ya harufu ya yai viza. Nasikia kuna konokono wanaojifukia mchangani. Niweke wangapi? Nikiwaokota mferejini huku Arusha kuna ubaya?

FundiVioo: Mkuu, hizo sm 8 ndizo tatizo. Konokono hao (Melanoides tuberculata) wanafukua sentimita chache za juu. Chini ya hapo hata ukiweka 100 ni kazi bure. Harufu ni gesi ya salfa, inazalishwa na bakteria pale oksijeni isipofika.

Usikoroge mchanga wote siku moja. Gesi ikitoka kwa mkupuo, oksijeni inashuka na samaki wanaanza kuhema juu ya maji. Gawa sakafu mafungu manne, kila wiki nyonya fungu moja kwa mpira mpaka ibaki sm 4, pampu ya hewa ikiwa imewashwa. Maji ya kujazia, kama ni ya bomba, yakae kwenye ndoo wazi saa 24 klorini ipungue. Ukimaliza mafungu yote, weka konokono 10 tu. Jike anazaa bila dume, tena anazaa watoto wenye ganda kabisa.

Mpunga_Moshi: Mferejini usitie mkono, ndugu yangu. Kichocho kinapenya ngozi, na huku kwenye skimu za mpunga si jambo geni. Konokono wa kichocho, Biomphalaria, ni bapa kama kamba iliyoviringishwa. Mwenzake Bulinus ni mfupi, mnene. Unayemtaka ana ganda refu lenye ncha kama skrubu, na kifuniko anachojifungia akiguswa. Wale wawili hawana kifuniko. Lakini hata ukiwajua kwa sura, maji yenyewe ndiyo hatari. Omba kwa mtu mwenye tangi.

Mdau_Njiro: Asanteni. Na mchanga huu huu unafaa?

FundiVioo: Chekecha, ubakize chembe za mm 1 hadi 2, kisha osha mpaka maji yatoke safi. Vumbi lake likishikana, konokono hapenyi.

Dada_Sakina: Naongezea. Konokono hawaondoi kinyesi, wanakichanganya tu, kwa hiyo mpira wa kunyonya bado unahitajika. Wakizidi, punguza chakula cha samaki, kisha jioni weka kipande cha tango, asubuhi kitoe nao wakiwa wamekiganda. Dawa ya samaki yenye shaba itawaua wote, nao wakiozea mchangani unarudi kulekule. Kawaida yao ni kutoka usiku. Ukiwakuta wengi wamepanda kioo mchana, hasa umeme ukiwa umekatika, kagua hewa na maji saa hiyohiyo.